Jinsi ya kumtazama Daktari Pulaski hadi umwelewe

Katika Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya angani iliyorushwa Marekani kuanzia 1987 hadi 1994, kuna mwanamke ambaye ukimtaja mbele ya mashabiki wazoefu utasikia miguno. Ni Daktari Katherine Pulaski, daktari mkuu wa meli Enterprise katika sizoni ya 2 peke yake. Aliingia na episodi ya kwanza ya sizoni hiyo, akatoweka baada ya ile ya 22, wala hakuna aliyemuaga.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumtazama upya, akiwa peke yake au na wenzake, iwe sebuleni Kirumba, hosteli Malimbe, au kwenye kibanda umiza cha Igoma, hapa Mwanza, siku isiyo na mpira. Hatukulazimishi umpende. Tunachotaka ni uione kazi yake kwa mpangilio unaomtendea haki, halafu uamue mwenyewe. Msimamo wetu tunautoa mapema: Pulaski ana kosa moja kubwa, la kumdharau ofisa mwenzake ambaye ni roboti, kosa hilo ni la kweli, na tamthilia inamfanya alilipe kidogo kidogo. Wanaomtetea kwa kuliruka kosa hilo wanamdhulumu, kwa sababu uzuri wake wote umo kwenye kulilipa.

Maandalizi

Pata sizoni ya 2 nzima. Ikiwa iko kwenye flashi au diski ya kompyuta, hesabu mafaili kabla hujaita watu: yawe 22, kuanzia S02E01 hadi S02E22. Mara nyingi anayekuwekea huchanganya sizoni, na anayemtafuta Pulaski akiangukia sizoni ya 1 au ya 3 atamkuta Daktari Beverly Crusher, adhani amepewa mzigo usio wake.

Si lazima uangalie zote 22. Kwa kazi hii zinatosha nane: ya 1, 2, 3, 7, 15, 17, 18 na 21. Kila moja ni dakika 45 hivi, kwa hiyo jumla ni saa sita. Zigawe jioni nne, mbili mbili kwa mpangilio huohuo. Usizimalize kwa usiku mmoja. Mbili za kwanza zinaudhi, na watu wanahitaji kulala na hasira yao kabla ya kuanza kuona kitu kingine. Ukizifululiza, hasira ya ya 2 inaingia hadi ya 7, na ya 7 ndiyo inayobeba uzito.

Sabtaito za Kiingereza ni muhimu hata kwa anayekisikia Kiingereza vizuri, maana Pulaski huongea haraka na maneno yake ya kuchoma huyasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Angalia kama faili la maandishi linaendana na toleo la picha. Diski za mfumo wa Ulaya zinakwenda kasi kwa takriban asilimia 4 kuliko toleo la Marekani. Ukioanisha maandishi ya toleo moja na picha ya jingine, mwanzo vitalingana, na kufika mwisho vimepishana karibu dakika mbili. Kubonyeza G na H kwenye VLC, programu ya kuchezea video, kunasogeza maandishi yote kwa pamoja, hakurekebishi mwendo. Kwa hiyo ukiona umeyanyoosha mwanzo na katikati yamepishana tena, acha kuhangaika, tafuta faili jingine.

Msimu wa mvua, nyumba ya bati isiyo na dari inameza mazungumzo yote. Spika ndogo iliyowekwa katikati ya watu inasaidia kuliko kuongeza sauti ya tivii iliyo ukutani. Karibu na ziwa, usiku ambao wale wadudu wadogo wameibuka kwa wingi, washa taa ya nje upande wa mbali na dirisha na uzime ya ndani, la sivyo watajaa kwenye kioo. Kama unatumia laptopu na umeme hauaminiki, chaji betri mchana: episodi mbili ni dakika 90, na mazungumzo katikati yatakula nusu saa.

Mwisho, daftari. Chora safu tatu: alichosema, alichofanya, alichojibiwa. Usiache safu ya pili hata ukichoka. Mdomo wa Pulaski na mikono yake havisemi kitu kimoja, na anayekumbuka maneno peke yake atatoka na nusu ya mtu.

Alikalia kiti cha nani

Hili liseme kwa dakika tano kabla ya kuwasha. Sizoni ya 1 daktari wa meli alikuwa Beverly Crusher, aliyeigizwa na Gates McFadden: mpole, mjane, mama wa kijana Wesley, na kati yake na Nahodha Picard kulikuwa na jambo lisilosemwa. McFadden hakuendelea. Ndani ya hadithi ikaelezwa kuwa Crusher amehamishiwa makao makuu ya tiba ya jeshi la anga. Wesley akabaki melini. Kwa hiyo kila mtazamaji alipomwona kijana yule alikumbushwa mama aliyeondoka, na kila alipoona chumba cha matibabu alimwona mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine alikuwa Diana Muldaur, aliyezaliwa 1938, mwenye miaka 50 sizoni ilipoanza Novemba 1988. Jina lake halikuwekwa pamoja na ya wenzake kwenye utangulizi. Lilitokea baadaye, kama la mwigizaji mwalikwa. Mtazamaji akaambiwa hivyo kila wiki, bila yeye kutambua, kwamba mama huyu ni mpita njia. Pia 1988 ulikuwa mwaka wa mgomo wa waandishi wa Marekani. Sizoni ilichelewa na kufupishwa hadi episodi 22, na episodi ya kwanza ilitengenezwa kutoka hati ya zamani iliyoandikwa kwa ajili ya tamthilia ambayo haikuwahi kutengenezwa. Ukiona mahali Pulaski anasukumwa tu ili hadithi isogee, kumbuka hayo.

Jioni ya kwanza: acha wakasirike

Episodi ya 1, "The Child". Pulaski anapanda meli mpya na badala ya kwenda kuripoti kwa nahodha, anapitiliza hadi kwenye ukumbi wa vinywaji. Picard anamfuata huko akiwa amekunja uso. Mtazamaji wa huku kwetu hili linamuuma kuliko linavyomuuma Mmarekani. Mgeni anayeshuka mtumbwini mwaloni hajitafutii pa kukaa kabla hajajitambulisha kwa wenyeji. Watu watamhukumu hapohapo. Waache, kisha simamisha picha pale Picard anapogundua kwa nini yuko mle: ameketi na Troi, mshauri wa meli, aliyejikuta mjamzito kwa namna isiyoelezeka. Mgonjwa kwanza, itifaki baadaye. Andika hilo safu ya pili. Unaweza bado kusema angeweza kutuma salamu. Na sisi tunasema hivyo.

Kisha uzazi unafika. Data, ofisa ambaye ni roboti mwenye umbo la mwanamume, anajitolea kukaa na Troi. Pulaski anasema mama anayejifungua anahitaji mkono wa binadamu, si mkono baridi wa mashine. Troi anasema Data atamfaa. Angalia kinachofuata, maana hupita haraka: Pulaski habishani. Mgonjwa ameamua, na Data anakaa.

Hapa anayetafsiri kwa sauti ana kazi ya kufanya, kwa sababu matusi mawili makubwa ya Pulaski hayapiti kwenye Kiswahili yenyewe. Melini wote humwita roboti huyo "Deita". Pulaski anamwita "Data", yaani kama sisi tunavyosoma jina hilo likiandikwa, na roboti anamsahihisha: moja ni jina langu, jingine silo. Usipowatahadharisha watu mapema, hawatasikia kosa lolote. La pili ni kwamba anamzungumzia kama kifaa. Ukitafsiri "anajua kazi hii?" umemsafisha bila kukusudia. Sema "kinajua kazi hii?" na chumba chote kitashtuka, kama inavyopasa.

Episodi ya 2, "Where Silence Has Lease", ndiyo shimo lenyewe. Meli imenaswa na kiumbe anayetaka kujua kifo cha binadamu kinafananaje. Katikati ya hatari hiyo Pulaski anatilia shaka uwezo wa Data mbele yake, Picard anamkanya, naye anaomba radhi kwa namna inayozidisha jeraha: anasema hajazoea kufanya kazi na vifaa visivyo hai, anajishtukia, anaomba radhi tena, na kuongeza kuwa kumbukumbu za utumishi zinasema Data yu hai, basi hana budi kukubali. Isomeni sentensi hiyo mara mbili. Ni kauli ya mtu anayekubali kwa sababu karatasi imesema.

Zimeni hapo. Swali la kujadili usiku huo ni moja: kwa nini McCoy alipendwa kwa jambo hilohilo?

Katika Star Trek ya mwanzo, ya 1966 hadi 1969, Daktari McCoy alimsimanga Spock, ofisa mwenzake ambaye ni nusu binadamu na nusu mtu wa sayari nyingine, kila alipopata nafasi: damu ya kijani, masikio, moyo wa kompyuta. Mashabiki walicheka. Pulaski anafanana naye kiasi kwamba hata woga wa mashine ya kusafirisha watu kwa mwale wanao wote wawili. Ni rahisi kuhitimisha kwamba mwanamume husamehewa na mwanamke hasamehewi. Hilo lina ukweli, na msilikwepe. Mpeni kaka mmoja asome maneno ya Pulaski kwa sauti yake, mtaona jinsi yanavyopungua makali.

Lakini jaribio hilo halimalizi jambo. Kati ya McCoy na Spock palikuwa na utani, na utani una pande mbili. Spock alijibu, tena kwa ubaridi uliokata kuliko kisu, na mara nyingi daktari ndiye aliyebaki bila neno. Data hawezi kutania. Anaeleza tu, kwa upole, jina lake ni lipi. Anayemsimanga mtu asiyeweza kurudisha ametoka kwenye utani na kuingia kwenye uonevu, na mtazamaji wa Mwanza aliyelelewa na watani analijua hilo bila kufundishwa. Waandishi walitaka kurudia ladha ya zamani wakasahau kiungo kilichoifanya iwe tamu. Kwa hiyo hasira ya mashabiki ina sababu mbili zilizosukwa pamoja, moja ya haki na moja isiyo ya haki, na kazi ya jioni tatu zilizobaki ni kuzisukua.

Jioni ya pili

Episodi ya 3, "Elementary, Dear Data". Data na rafiki yake Geordi wanacheza upelelezi wa Sherlock Holmes katika chumba kinachotengeneza mandhari na watu wa kubuni. Data amesoma hadithi zote, kwa hiyo anataja mhalifu kabla mchezo haujaanza, na Geordi anaondoka amechukia. Zingatia mpangilio huu: aliyelalamika kwanza ni rafiki wa Data. Pulaski anaingia baadaye na kusema kwamba Data anakumbuka tu, hawezi kutatua fumbo ambalo hajawahi kulisoma. Wanajaribu tena kwa hadithi iliyochanganywa, Data anatambua vipande vilivyotoka wapi, na Pulaski anamwita laghai.

Neno ni kali. Swali lililo chini yake, hata hivyo, ni swali zito kuliko yote katika tamthilia nzima: je, mashine inafikiri, au inarudisha ilicholishwa? Miaka hii ya kompyuta zinazoandika na kuchora, ni vigumu kumwona Pulaski kama mwanamke mwenye roho mbaya tu. Yeye ndiye pekee melini aliyeuliza, na Data ndiye aliyefaidika kwa kuulizwa, kwa sababu mpinzani ambaye chumba kile kinamtengenezea baadaye ni wa kweli. Mpinzani huyo, Moriarty, anajitambua kuwa yupo, anamteka Pulaski na kumkirimu chai. Na hapo, bila mtu kumlazimisha, daktari asiyeamini mashine anaketi na kuzungumza na kiumbe wa mashine kama mtu na mtu. Liandikeni.

Episodi ya 7, "Unnatural Selection", ndiyo yake. Ikiwa mna jioni moja tu maishani ya kumpa Pulaski, mpeni hii baada ya ya 2. Meli nyingine imekutwa na mabaharia wote wamekufa kwa uzee. Chanzo ni kituo cha utafiti ambako watoto wametengenezwa wawe na kinga inayoshambulia ugonjwa hadi nje ya miili yao, na kinga hiyo inawazeesha wengine. Pulaski anaamini mtoto mmoja anaweza kuchunguzwa salama. Anabishana na Picard, tena anabishana vibaya, anamkatiza. Mwishowe anampeleka mtoto kwenye chombo kidogo mbali na meli, ili akikosea akosee peke yake.

Simamisheni hapo muulize: nani anaendesha chombo? Ni Data, ambaye ugonjwa hauwezi kumgusa. Mama aliyesema mkono wa mashine ni baridi sasa uhai wake uko mikononi humo. Anapoambukizwa halii wala halaumu. Anaendelea kufanya vipimo viungo vikimkakamaa na kuamua kubaki kwenye kituo kuliko kuihatarisha meli. Angalieni mikono yake katika sehemu hii, Muldaur anaigiza uzee kwa vidole kabla ya uso.

Anaponywa kwa mashine ileile ya mwale aliyoikwepa maisha yake yote, na kwa sababu aliikwepa, hakuna kumbukumbu ya mwili wake ya kulinganishia. Wanalazimika kutafuta unywele kwenye brashi yake chumbani ili wapate vinasaba vyake vya zamani. Huo ni uandishi mzuri: udhaifu mdogo uliotajwa kwa kupita unageuka kuwa kitanzi. Humohumo Picard anawasiliana na nahodha wa meli aliyotoka Pulaski, akitarajia pengine kusikia kwamba walimtupia mzigo. Anaambiwa daktari aliomba mwenyewe kuhamia Enterprise, kwa kuwa alikuwa akimheshimu Picard tangu zamani. Muda wote ule alikuwa akibishana na mtu anayemstahi.

Jioni ya tatu

Episodi ya 15, "Pen Pals", ina sekunde chache zinazostahili safari nzima. Data amekuwa akijibu sauti ya mtoto wa kike, Sarjenka, kutoka sayari inayopasuka. Sheria kuu ya jeshi lao inakataza kuingilia maisha ya sayari zisizojua safari za angani. Maofisa wanakutana chumbani kwa Picard kujadili kama wamwache afe. Wengi wanazungumza kwa kanuni. Pulaski anasema rafiki wa Data anakaribia kufa, na hilo lina maana. Anajibiwa kwamba lina maana kwa Data. Naye anauliza kama hilo linaibatilisha hisia yenyewe.

Rudisheni nyuma mwasikilize tena. Kisha fungueni daftari ukurasa wa episodi ya 2. Aliyekubali uhai wa Data kwa sababu karatasi imesema, sasa anatetea hisia zake mbele ya nahodha, na Data mwenyewe husema hana hisia! Hakuna hotuba ya toba wala muziki wa kupanda. Wanaosema Pulaski habadiliki hawakuwa wakisikiliza hapa.

Mwisho wa episodi ndiye anayepewa kazi ngumu ya kumfuta mtoto kumbukumbu, na Data anamwachia mtoto jiwe linaloimba kutoka chumba cha matibabu.

Ya 17, "Samaritan Snare", ichukulieni kwa wepesi. Picard anahitaji kubadilishiwa moyo wa bandia na hataki mabaharia wake wajue, kwa hiyo anakwenda kufanyiwa kituo cha mbali. Upasuaji unaharibika, anaitwa bingwa, na Picard anapofungua macho anamwona daktari aliyekuwa akimkimbia, Pulaski. Nusu nyingine ya episodi, ile ya wageni wanaojifanya wajinga, haimhusu.

Jioni ya nne

"Up the Long Ladder", episodi ya 18, mwanzoni kabisa: Worf, ofisa wa meli kutoka Waklingoni, jamii ya wapiganaji ya sayari nyingine, anayeona ugonjwa ni fedheha, anazimia kazini. Pulaski anagundua ni maradhi ya watoto, mfano wa surua. Nahodha akiuliza, daktari anamfunika kwa uongo mwepesi. Worf anashukuru kwa ibada ya chai ya kwao. Chai hiyo ni sumu kwa binadamu. Pulaski hasemi atakunywa kidogo kwa adabu. Anajidunga dawa ya kuzuia sumu, anakunywa, anamsikiliza shujaa akighani mashairi. Wazee katika kundi lenu ndio watakaolielewa hili upesi kuliko vijana: kuheshimu mila ya mwenzako ni kula na kunywa anachokupa. Na ugonjwa wa mtu aliutunza kama siri ya mgonjwa inavyopaswa kutunzwa. Sehemu inayobaki ya episodi hii ni dhaifu, wakulima wake wamechorwa kwa kejeli isiyopendeza. Mnaweza kuzungumza wakati inaendelea.

Episodi ya 21, "Peak Performance", inafunga deni. Anakuja mtaalamu wa mbinu za vita, Kolrami, mwenye majivuno, bingwa wa mchezo wa kasi wa vidole. Pulaski anataka apigwe, na anayemtuma uwanjani ni Data. Yaani sasa anajivunia uwezo wa mashine hadi anautumia kutambia wageni. Data anashindwa, anaamini ameharibika, anajiondoa kazini. Pulaski anakwenda kumbembeleza, naye Troi anajaribu. Wote wanashindwa, na Picard ndiye anayemrudisha. Lakini angalieni uso wa Pulaski anapotambua kuwa yeye ndiye aliyemsukuma. Katika marudiano Data anacheza kwa kuzuia tu, bila kutafuta ushindi, hadi Kolrami anabwaga vidhibiti na kuondoka. Anayeshangilia kwamba Data ameshinda ni Pulaski. Na Data, kwa mara ya kwanza, anamjibu kwa maneno ya kijiweni, kwamba amembomoa. Utani umepata upande wa pili.

Yanayoharibu zoezi

Kosa la kawaida ni kuanza na ya 22, "Shades of Gray", kwa kuwa ndiyo ya mwisho. Imeungwa kwa vipande vya episodi za nyuma ili kubana gharama, na Pulaski humo anasimama tu kando ya kitanda cha Riker, msaidizi mkuu wa Picard. Iacheni kabisa.

La pili ni kutarajia makubwa kwenye ya 9, "The Measure of a Man", ile ya kesi ya kuamua kama Data ni mali. Ni miongoni mwa episodi bora za tamthilia yote, na Pulaski yumo: anacheza karata mwanzoni, anahudhuria sherehe ya kumuaga Data. Mahakamani hayumo. Waandishi walikuwa na daktari mwenye shaka hasa kuhusu swali lililokuwa likihukumiwa, wakamwacha nje. Hilo ni kosa lao, na tunaliona kubwa kuliko lolote walilomwandikia.

Kundi likianza kubishana nani bora, Pulaski au Crusher, mjadala umekufa. Yule ana sizoni sita, huyu ana moja. Mrudishe anayebisha kwenye tukio: sema ni episodi ipi, alisema nini, mikono ilifanya nini. Asiyeweza kutaja tukio anabeba chuki ya kuambiwa. Na kama kuna kijana anamwita "bibi mkorofi", usimkaripie, mwombe asome safu ya tatu ya daftari, ile ya alichojibiwa. Ataona ni mara ngapi daktari huyu alikuwa sahihi na akajibiwa kwa kukatwa kauli.

Wakiuliza alikwenda wapi, jibu la kweli ni kwamba haikuelezwa. Sizoni ya 3 inaanza na Crusher yuko kazini, na maisha yanaendelea.

Anayetaka kumfuata Muldaur zaidi, amtafute katika Star Trek ya zamani, ambako alicheza mara mbili mwaka 1968, kila mara mhusika tofauti. Ya kuanza nayo ni "Is There in Truth No Beauty?" ya sizoni ya 3, ambamo ni Daktari Miranda Jones, mwanamke kipofu anayeona kwa msaada wa vazi la vihisio na hataki mtu amwonee huruma. Baada ya hiyo fungua episodi ya 5 ya sizoni ya Pulaski, "Loud as a Whisper", utafute mazungumzo mafupi ambamo anamweleza Geordi, kipofu anayeona kwa kifaa usoni, njia mbili za kupata macho, pamoja na atakachopoteza kwa kila moja. Hamshawishi achague. Mwigizaji ni yuleyule, miaka 20 imepita, na safari hii ameketi upande wa daktari.